Bangili ya Baba

Wanafunzi wake walimwita Mama Breki, na jina likamkaa. Alikuwa mwalimu wa udereva, na hakuwa mtu wa kubembeleza. Mwanafunzi akikanyaga mafuta mahali pa kukanyaga breki, yeye alibonyeza breki yake ya pili iliyokuwa upande wa abiria, gari likasimama papo hapo, kisha akageuka taratibu na kumpa vidonge vyake mpaka mtu akatamani kushuka aende kwa miguu. Hata hivyo waliofaulu mtihani walirudi kumsalimia. Walimjua hafichi neno: akikwambia umeiva, umeiva.

Nyumbani alikuwa vilevile. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyebaki na baba, fundi saa mstaafu, na ndiye aliyemlea mdogo wake, kitindamimba, ambaye tangu utotoni alifumua redio na pasi za watu mpaka akaitwa Waya. Waya alisoma, akaajiriwa hospitali kuu ya mji, kitengo cha kompyuta. Baba alijivuna mtaa mzima. "Mimi nilifungua saa," alikuwa akisema, "mwenzangu anafungua hospitali nzima."

Kwa hiyo moyo wa baba ulipoanza kwenda mrama, mara unakimbia, mara unasuasua, hakukuwa na mjadala apelekwe wapi. Alipelekwa kwa Waya.

Wodi ya moyo ilikuwa chumba kirefu cha ghorofani, madirisha mapana, vitanda vimejipanga pande mbili, sakafu inanukia dawa ya usafi. Kila mgonjwa alivaa bangili nyeusi ya mpira mkononi, na kifuani alibandikwa kiraka chembamba kama plasta. Vitu hivyo viwili vilipima mapigo ya moyo, pumzi, joto na hewa iliyomo kwenye damu, mchana kutwa usiku kucha, vikapeleka habari kwenye tableti kubwa iliyosimamishwa juu ya meza ya wauguzi mlangoni. Mambo ya mgonjwa yakienda kombo, tableti ililia na jina lake likawaka jekundu.

"Hii nayo ni saa gani isiyosema saa?" baba aliuliza siku ya kwanza, akiigeuzageuza bangili. "Hata mshale haina."

"Baba, kazi yake si kukwambia saa," Waya alimjibu. "Inatwambia sisi kama uko salama."

"Si mngeniuliza mwenyewe?"

Wodi ikacheka. Aliyecheka kuliko wote alikuwa jirani yake wa kitanda cha pili, muuza nyama mwenye kifua kama pipa, ambaye kila mtu alimwita Bucha. Alikuwa ametoka kupasuliwa, mirija imemzunguka kama mtego, akicheka anashika mshono na kulia "ee, mtaniua nyie," kisha anacheka tena.

Mama Breki hakucheka. Alikuja na mkeka, shuka na chupa ya chai, kakusudia kukaa na baba yake kama ndugu wa wagonjwa walivyokaa miaka yote. Waya akamvuta pembeni.

"Dada, mambo yamebadilika. Ndugu hawakai tena wodini. Mnakuja wakati wa kuona wagonjwa, mkimaliza mnaondoka."

"Akitaka maji?"

"Sista yupo."

"Yupo wapi? Mimi nimemwona mmoja tu, naye yuko mbioni."

"Ndiyo maana kuna bangili." Waya alikuwa na sauti ile ya kumweleza mtoto hesabu. "Wewe ukikaa hapa utasinzia. Utaenda msalani. Utapokea simu za wanafunzi wako. Bangili haisinzii, Dada. Baba akitetereka kidogo tu, watu wanajua. Niamini mimi."

Akamwamini. Hilo ndilo lililokuja kumchoma baadaye. Hakufukuzwa na mtu. Alikunja mkeka kwa mikono yake mwenyewe, akamwambia baba yake, "Usiwe na wasiwasi, hicho kitu kinakuangalia," akaenda zake kazini.

*

Asubuhi moja, siku chache baadaye, alikuwa barabarani na mwanafunzi mmoja, bwana harusi mtarajiwa aliyetaka leseni kabla ya ndoa, kijana ambaye mikono ilimtoka jasho kila alipoona lori. Walikuwa kwenye mwinuko, wanajifunza kuondoa gari bila kurudi nyuma. Simu ikaita, ikaonyesha namba ya baba. Mama Breki akapokea, lakini aliyesema hakuwa baba.

"Mwanangu, ni mimi jirani wa mzee. Bucha." Sauti ilikuwa imekwaruza. "Njoo. Mzee kaanguka. Nimepiga kelele mpaka koo limenikauka, ndiyo kwanza wanafika. Njoo sasa hivi."

"Hama kiti," Mama Breki alimwambia mwanafunzi.

"Mwalimu, hapa kwenye mlima?"

"Hama kiti!"

Gari lile lenye herufi kubwa ya mwanafunzi juu ya paa lilipita siku hiyo kama lililoibwa. Kila alichokuwa akikataza, alikifanya. Alipita kushoto na kulia, alipiga honi mbele ya shule, alikata kona bila ishara. Bwana harusi alishika mlango kwa mikono miwili.

"Mwalimu, taa ni nyekundu."

"Nimeiona."

Hospitalini aliacha gari mbele ya mlango, injini inanguruma, akamtupia kijana neno moja, "Liegeshe," akapanda ngazi.

Baba alikuwa kitandani, kafungwa barakoa ya hewa. Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja kama shuka lililopigwa pasi vibaya. Mkono wa kulia ulilala juu ya blanketi, umekufa ganzi, kana kwamba mtu mwingine kausahau pale. Jicho moja lilikuwa limefumba nusu. La pili lilimwona binti yake likamkazia, na kooni mwake ukatoka mlio usiokuwa neno.

"Amepata kiharusi," alisema daktari wa zamu, kijana mwembamba mwenye macho mekundu. "Moyo ulikimbia mno. Ukikimbia hivyo damu huganda mle ndani. Kipande kikachomoka kikapanda kichwani."

"Ulikimbia muda gani?"

Daktari akatazama mlangoni iliko tableti, kisha akatazama viatu vyake. "Muda mrefu," akasema.

"Angepewa dawa ulipoanza kukimbia?"

"Siwezi kusema kwa hakika, mama."

"Sema bila hakika."

"Labda tusingefika hapa."

Bucha alikuwa akisubiri zamu yake kusema. Hakucheka sasa. Jasho lilikuwa limemlowesha shingo kwa juhudi za kutaka kuinuka na mirija ile.

"Alikaa akashika kifua," alieleza. "Akaniambia, moyo huu leo umepandwa na wazimu. Nikamwambia, nikuitie mtu? Akasema hapana. Akanionyesha mkono huu, akasema, wameshaambiwa hao, wako njiani, mwanangu ndiye aliyekitengeneza. Tukangoja. Nikamwambia tena, mzee mwenzangu, mbona hawaji? Akasema tulia, watakuja. Watu wazima wawili, tumekaa tunaangalia mlango! Akajaribu kusimama aende mwenyewe, ndipo akaenda chini. Nikaanza kupiga mayowe." Akafuta uso kwa kiganja. "Nisamehe, mwanangu. Ningeanza mapema."

Wameshaambiwa hao. Baba alikaa kwenye ukingo wa kitanda, kifua kinamwenda mbio, anangoja watu kwa adabu, kwa sababu wanawe wawili walimwambia asiwe na wasiwasi. Kwa Mama Breki wodi nzima ikawa kama inaonekana kupitia moshi.

Sista alikuwa mezani, anaandaa sindano. Mama Breki akamwendea.

"Ulikuwa wapi?"

"Mama, naomba—"

"Nakuuliza ulikuwa wapi wakati baba yangu anakufa pale! Bangili imekwambia, na wewe umejitia hamnazo. Ulikuwa unachezea simu? Ulikuwa unakunywa chai?"

Sista aliweka sindano chini. Alikuwa mwanamke wa makamo, sare yake imelowa madoa ubavuni, na alipoinua uso Mama Breki aliona kwamba mbele yake yuko mtu mwenye hasira kumzidi.

"Nilikuwa wodi ya pili," alisema. "Kuna mama anatapika damu kule. Nilimshika kichwa, kwa sababu hakuna mwingine wa kumshika. Haya madoa ni yake, unataka kuyanusa? Zamani wodi hii tulikuwa wanne, na ile ya pili watatu. Zilipokuja bangili tukaambiwa sasa mashine inaangalia, wenzangu wakatawanywa huku na huko. Nimebaki mimi, wodi mbili. Sijanywa chai tangu nifike. Na hiyo tableti haikulia."

"Haikulia vipi?"

"Haikulia! Ingelia ningeisikia, kule ni hatua chache tu. Nimerudi nimekuta jina la mzee jekundu, linawaka na kuzima, kimya kabisa, kama taa za mapambo." Akaichukua tena sindano. "Usinipigie mimi kelele, mama. Mimi nimeshajipigia za kutosha."

Hasira ya Mama Breki ikakosa mahali pa kutua. Ikabaki imekwama kama mwiba wa samaki.

"Nani anashughulika na hiyo tableti?"

Sista akamtazama kama anayepima kama aseme au ameze.

"Unaniuliza mimi?" akasema. "Kamuulize mdogo wako."

*

Chumba cha kompyuta kilikuwa chini kabisa, hakina dirisha, kina baridi ya viyoyozi. Waya alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Uso ulikuwa umempauka, na mbele yake kioo cha kompyuta kilijaa mistari inayopanda na kushuka.

"Dada," alisema kabla hajaulizwa, "nimeangalia kila kitu. Mfumo haukukosea. Tahadhari ilitoka."

"Ilitoka."

"Ilitoka, tena zaidi ya mara moja. Bangili ilipima sawasawa, kiraka kilipima sawasawa. Ona hapa, moyo ulipoanza tu kukimbia—"

"Ikaenda wapi?"

"Kwenye tableti."

"Ikalia?"

Waya akakigeukia kioo.

"Waya. Nimekuuliza swali jepesi. Ililia au haikulia?"

"Dada, hapa si mahali pa kuzungumza hayo. Mkurugenzi anakuja wodini kuongea na familia. Nakuomba usimfokee. Yule ni mtu mkubwa."

Mama Breki alimshika kola ya shati, na kadi ya kazi iliyoning'inia shingoni mwake ikazunguka. Mtu mzima yule, mrefu kumzidi dada yake kichwa kizima, hakujitetea.

"Mimi nimekubeba mgongoni," alimwambia kwa sauti ya chini. "Nimekufuta makamasi. Nikajua ukinidanganya unakunja vidole vya miguu, na ukiwa na viatu najua kwa jinsi unavyosimama. Tangulia. Tukazungumze na huyo mtu mkubwa."

Mkurugenzi alikwishafika. Alikuwa daktari mwenye mvi za heshima na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ilikata, na alisema kwa sauti ya msibani, mikono kaikutanisha mbele. Alimpa pole Mama Breki. Alimpa pole Waya, "kijana wetu, hazina yetu." Alisema hospitali nzima imeguswa.

"Tumeangalia haraka kilichotokea," aliendelea. "Kwa bahati mbaya inaelekea mzee alikivua kifaa. Hatumlaumu. Wazee wengi hufanya hivyo, mpira unawawasha, wanavua, na kikishavuliwa sisi huku hatupati habari zozote. Ni jambo la kusikitisha sana, lakini ndiyo hali halisi."

"Uongo!" Bucha alinguruma.

"Ndugu, wewe pumzika."

"Nipumzike nini? Hakuvua! Alinionyesha mkono, nikaiona kwa macho yangu!"

"Mgonjwa akiwa kwenye dawa kali," mkurugenzi alisema kwa upole, akimgeukia Mama Breki kama watu wazima wawili wanaoelewana, "huona mengi."

Mama Breki hakumtazama mkurugenzi. Alimtazama Waya. Waya alikuwa ameinamisha kichwa, na mguu mmoja ameuweka juu ya mwingine.

Ndipo blanketi likacheza. Baba, ambaye hakuna aliyefikiri kwamba anasikia, alikuwa anauvuta mkono wa kushoto, ule mzima, kutoka chini ya shuka. Ulipanda polepole, unatetemeka, mishipa imemtoka, ukaenda juu mpaka ukasimama wima katikati yao. Bangili ilikuwa pale pale, nyeusi, taa yake ndogo ya kijani inapepesa. Akaushikilia hewani. Jicho lake lililo wazi lilikuwa limemganda mkurugenzi, na ule mlio wa kooni ukatoka tena na tena, kama injini inayopigwa stata ikagoma kuwaka.

"Huenda," mkurugenzi alisema, "huenda wamemvalisha tena baadaye."

"Hakuna aliyemvalisha." Alikuwa ni sista, nyuma yao, trei mkononi. "Mimi ndiye niliyemwokota pale chini. Alikuwa nayo."

"Sista, nenda kaendelee na kazi."

"Hakuivua," Waya alisema.

Alisema kwa sauti ndogo, na mkurugenzi akafanya kama hakusikia. Waya akainua kichwa.

"Hakuivua, Daktari. Habari zake zilikuja zote, hazikukatika hata kidogo. Zilikuja, ila sauti haikuwepo. Wewe uliniambia niizime."

"Kijana, chunga sana unachosema."

"Ulisema wageni wanakuja kuona wodi ya mfano, hawawezi kuonyeshwa wodi inayopiga mayowe kama ajali. Nikakwambia inalia mno kwa sababu tumebana viwango vyake kupita kiasi, mtu akijikuna inalia, akigeuka kitandani inalia, nipe muda nivilegeze vizuri. Ukasema zima sauti, utarekebisha wageni wakishaondoka. Nikazima."

Mkono wa baba ulishuka ukaangukia blanketi.

Mama Breki alikuwa ametegemea hasira yake imrukie mkurugenzi moja kwa moja, lakini iligawanyika katikati, na nusu yake ilimchoma zaidi ya ile nyingine.

"Ulijua baba yako amelala humu," alimwambia mdogo wake.

"Nilijua."

"Ukazima."

"Nilidhani sista atakuwa anaangalia kioo."

"Sista yupi? Nikuhesabie masista waliomo humu? Na mimi ukaniambia nikunje mkeka! Ukanitoa mimi, ukazima na hiyo. Baba akabaki na nani?"

Machozi yalikuwa yanamchuruzika Waya na hakuyafuta.

"Mama," mkurugenzi alisema, "naelewa uchungu wako, lakini nakuomba ushushe sauti. Hapa ni wodini."

Akamgeukia.

"Nishushe sauti? Umeshashusha ya kutosha wewe!" Hata vyuma vya vitanda viliitikia. "Ungesema tumekosea, ningelia nikaenda zangu. Mzee hawezi kusema, umeona hawezi kusema, ukaona huyo huyo ndiye wa kubebeshwa. Mbele yake! Umesimama miguuni pake na koti lako la pasi, unamsingizia mtu ambaye umemwua ulimi!"

"Sitakubali lugha hiyo."

"Mimi nafundisha watu gari. Mwanafunzi wangu akigonga mtu, anayekamatwa ni mimi, kwa sababu breki ya pili iko chini ya mguu wangu. Siwezi kusema alikuwa akiendesha yeye. Wewe yako iko wapi? Eh? Ulipong'oa masista ukasema bangili zinatosha. Ulipozima bangili ukasema masista wapo. Nionyeshe hiyo breki yako iko wapi!"

Mkurugenzi akafanya kile watu wakubwa hufanya wakiishiwa maneno: aliita mlinzi, akaondoka kabla mlinzi hajafika.

Mlinzi alikuja, jitu la miraba minne lenye kirungu kiunoni. Alimkuta Mama Breki amevuta stuli, amekaa kando ya kitanda, anampangusa baba yake mate kwa kona ya khanga.

"Mama, nimeambiwa nikutoe."

"Nitoe."

Mlinzi akasimama. Alitazama mkono wa baba uliokufa, akatazama meza ya wauguzi isiyokuwa na mtu, maana sista alikwishakimbilia upande wa pili tena.

"Mama yangu mzazi amelazwa hiyo wodi ya pili," akasema polepole. "Sasa hivi anaangaliwa na nani?"

"Unaniuliza mimi?"

Mlinzi hakumgusa. Alikwenda akasimama mlangoni, uso nje, mgongo ndani, na hakuna mtu aliyetolewa mle tangu wakati huo.

*

Habari haikukaa. Wakati wa kuona wagonjwa ulipofika, kila kitanda kilikuwa kimeshasikia, na ulipokwisha ndugu hawakuondoka. Mke wa Bucha, mwanamke mnene mwenye maneno mafupi, alitandika khanga sakafuni, akakaa, akasema atakayetaka kumwinua aje na winchi. Wengine wakafuata. Kesho yake walikuja na mikeka, ndoo na mito, wakajaa mpaka kwenye korido na kwenye ngazi. Wageni waliokuwa waje kuonyeshwa wodi ya mfano waliahirishiwa safari. Watu kutoka juu, wale ambao huwa hawaonekani, walikuja kufanya vikao, wakamwita Mama Breki aeleze. Alieleza kwa namna yake. Wenye masikio laini walipata tabu.

Masista walirudishwa, si wote lakini wengi. Ndugu mmoja aliruhusiwa kila kitanda. Na fundi mwingine aliletwa kulegeza viwango vya bangili zisilie kwa mgonjwa kujikuna, na kuirudisha sauti ya tableti.

Mama Breki alikuwepo siku ilipolia kweli. Ilikuwa mchana, baba amesinzia, na tableti ikatoa mlio mkali wa kukata masikio. Jina la mwanamke mmoja wa kitanda cha dirishani likawaka jekundu. Mwanamke mwenyewe alikuwa amelala tu, hata mwanawe aliyekaa pembeni yake hakuwa ameona kitu. Masista wawili wakatimua mbio, mmoja na sindano, mwingine na mtungi wa hewa, daktari nyuma yao. Wakamshughulikia, mlio ukanyamaza, na baada ya muda yule mwanamke akafumbua macho na kuuliza mbona watu wamemzunguka, kuna nini. Wodi nzima ikapiga makofi.

Mama Breki alitoka nje kwenye korido, akaegemea ukuta, akapiga ukuta ule kwa ngumi mpaka sista akaja kumshika mkono. Angeweza kuvumilia kama vile vitu vingekuwa takataka. Angesema tumeuziwa takataka, basi. Lakini vilifanya kazi. Bangili iliona, ikasema, mtu akasikia, akakimbia, mgonjwa akaamka anauliza kuna nini. Baba naye ilimwona vilevile na kumsemea vilevile.

Waya aliachishwa kazi. Walisema alichezea mfumo bila kufuata taratibu. Mkurugenzi alihamishwa, na waliomfahamu walisema huko alikohamishiwa ofisi yake ni kubwa zaidi na ina zulia. Mama Breki aliposikia habari hiyo alikuwa ndani ya gari na mwanafunzi. Alimwamuru asimame pembeni, akashuka, akazunguka gari mara kadhaa akiongea peke yake, akarudi, akafunga mkanda na kusema, "Endelea. Na usinipelekee gari kama umebeba mayai." Mpaka leo anayo kesi aliyoifungua dhidi ya yule mkurugenzi, na inapigwa kalenda kila mara, naye kila mara anakwenda, amevaa nguo zake nzuri, anakaa kiti cha mbele.

Baba alirudishwa nyumbani. Mguu ulianza kumwelewa kidogo, mkono bado. Maneno yalirudi machache, tena mengi yao ni ya kugomba, yakimtoka nusu nusu: anaugomba mkono, anakigomba kijiko, anawagomba wanawe wote wawili bila upendeleo. Waya alikuja kila siku. Mwanzoni alisimama mlangoni kama mgeni anayengoja kukaribishwa, na dada yake alimpita kama mtu anavyopita kabati. Hakufukuzwa, hakukaribishwa. Alifua mashuka, alimnyoosha baba vidole kimoja kimoja kama alivyofundishwa, alimlisha uji. Alimwambia baba, "Nisamehe," na baba akatoa mkono wake mzima, akamwasha kofi dogo la shavu, kisha akauacha mkono pale pale shavuni. Hayo yalikuwa kati yao wawili.

Dada mtu hakuwa na upole huo. Jioni moja, wakati wa kumgeuza baba upande wa pili asipate vidonda, alisimama upande wa kichwani, akamkata Waya jicho.

"Sijakusamehe," alimwambia. "Ujue hivyo. Usije ukaona nanyamaza ukadhani imekwisha."

"Najua, Dada."

"Ulisema ukweli siku ile, nimeuona, na nilikuona mwanamume. Lakini ulichelewa."

"Najua."

"Basi acha kusimama hapo kama nguzo. Shika miguu."

Waya akashika miguu. Baba akagomba, "Po-le... po-le, nyie!" Wakahesabu pamoja, wakamwinua, wakamgeuza.